Wali bila nailoni: nilivyoiondoa plastiki kwenye sufuria yangu

Miaka 11 napika wali wa kuuza hapa Morogoro, na kwa muda mrefu nilikuwa nafunika sufuria kwa nailoni ili mvuke usipotee. Binti yangu anayesoma kemia ndiye aliyenisimamisha: "Mama, hiyo nailoni nayo inaiva humo."

Mwenzangu unayepikia watu, anzia hapo. Pitisha jani la mgomba motoni lilainike, maana bichi hupasuka. Maji ya wali yakikaribia kukauka, tandaza jani juu yake, bana mfuniko, punguza moto wa chini na palia makaa juu. Sufuria yangu ya kilo 3 huchukua dakika 25 hivi, na harufu yake wateja huiulizia.

Sababu yenyewe binti alinieleza kwa lugha ya jikoni. Karibu kila seli ya mwili ina vinasaba vilevile, kama jiko lenye masufuria yote. Tofauti ni ipi imefunuliwa na ipi imefunikwa. Homoni hutoa baadhi ya amri za kufunua na kufunika. BPA, kemikali inayopatikana kwenye plastiki ngumu angavu na utando wa ndani wa baadhi ya makopo, huiga homoni ya kike ya estrojeni, na amri zikavurugika. Mwaka 2007, Dana Dolinoy na Randy Jirtle wa Duke University, Marekani, walichapisha jaribio la kulisha panya majike BPA. Watoto wenye manyoya ya njano waliongezeka, kwa kuwa alama za methili, yaani mifuniko ya kinasaba cha rangi ya manyoya kiitwacho aguti, zilipungua. Panya wa njano wa aina hiyo hunenepa na kupata kisukari kwa urahisi. Kwa binadamu, tafiti zimekuta kisukari zaidi kwa wenye BPA nyingi kwenye mkojo, ingawa hilo halithibitishi kuwa ndiyo chanzo. Mimi niliyemuuguza mama yangu kwa sukari, sikusubiri zaidi.

Nailoni nyingi hazina BPA, lakini zina viongezeo vingine, na joto na mafuta huvitoa. Kwa hiyo supu na maharage ya moto sifungi tena kwenye mfuko. Anayekuja na hotipoti ya chuma namwongezea upawa wa mchuzi.

Risiti za mashine nazo: nyingi huchapwa kwenye karatasi yenye BPA au nduguye BPS, basi usizishike kwa mikono yenye mafuta. Katika jaribio lile la panya, lishe yenye foliki, aina ya vitamini, ilizuia mabadiliko hayo. Vidonge vya foliki vya kliniki, mjamzito ameze kama alivyoelekezwa. Vinalinda ubongo na uti wa mgongo wa mtoto, wala si ruhusa ya kurudia nailoni.

BPA nyingi hutoka na mkojo ndani ya siku moja, kwa hiyo sufuria ya leo ina maana. Ndoo zako za plastiki usizitupe. Tia mchele mkavu na vitunguu.