Kuwatambua wanaosaidia shule ya umma: kuanzia daftari la stoo hadi cheti ukutani

Mwongozo huu ni wa mwalimu, karani au mzazi aliyekabidhiwa shughuli ya kuwashukuru wahisani wa shule ya umma nchini Kenya, iwe Kondele ya Kisumu, Kaptembwo ya Nakuru au Luanda ya Vihiga. Wengi hukimbilia hema na keki. Hayo yaache kwanza. Kinachoharibu siku kama hii ni orodha.

1. Pata idhini ya bodi

Iwe kwenye kumbukumbu za kikao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaipa bodi ya usimamizi jukumu la kupokea na kutolea hesabu fedha zinazoingia shuleni, kwa hiyo bodi ndiyo inayoshukuru, si mwalimu mkuu peke yake. Hapo hapo mkubaliane nani hatatuzwa: kampuni za kamari, pombe na sigara, na mfanyabiashara yeyote ambaye zabuni yake ya kuiuzia shule bidhaa bado inapimwa.

2. Tengeneza orodha

Itengee wiki mbili. Chanzo cha kwanza ni daftari la stoo pamoja na fomu za S13, ambazo huonyesha kilichopokelewa na tarehe yake. Cha pili ni taarifa ya benki na ya M-Pesa, na hapa ndipo watu huumia. Jina linalotokea kwenye M-Pesa ni la aliyetuma, si lazima liwe la aliyetoa. Mweka hazina wa chama cha akina mama hutuma mchango wa wanachama wote kwa simu yake. Ukimtuza yeye kama mhisani binafsi, umemgombanisha na wenzake. Mpigie kila aliyetuma, umuulize swali moja: "Pesa hizi ziandikwe kwa jina la nani?" Wanafunzi wa zamani huchanga kupitia mmoja wao vivyo hivyo, basi nao waulize.

Chanzo cha tatu hakijaandikwa popote. Kaa na mpishi, mlinzi na walimu wa darasa, mmoja mmoja. Mpishi ndiye anayejua nani husaga mahindi ya shule kwa nusu bei. Mlinzi anakumbuka lori lililomwaga changarawe langoni. Mwalimu wa Gredi ya 8 anamjua fundi wa jua kali anayewaruhusu wanafunzi kujifunza kuchomelea kwenye karakana yake. Misaada ya namna hii haina risiti, ndiyo maana kila mwaka wenyewe husahaulika huku mwenye bango kubwa akipigiwa makofi.

Andika yote kwenye jedwali moja: jina litakavyosomwa, atakayepokea cheti, simu, alichotoa, kiasi, tarehe, kilikotumika, na aliyethibitisha. Safu hiyo ya mwisho ikiwa tupu, mtu huyo bado hajawa tayari kuchapishiwa cheti.

Kisha majina. Duka linalojulikana mtaani kwa jina la mama mwenyewe huenda limesajiliwa kwa jina jingine kabisa. Soma leseni ya kaunti iliyobandikwa ukutani, halafu umuulize mwenyewe analipenda lipi. Angalia herufi moja moja: Otieno na Atieno, Wafula na Nafula. Ukikosea hapo umemgeuza mwanamume kuwa mwanamke mbele ya kijiji kizima. Mtumie kila mtu jina lake kwa ujumbe wa simu, asubiriwe hadi ajibu ndipo uende kwa mchapishaji.

3. Usiwapange kwa shilingi

Ngazi za dhahabu na fedha ziwaachie wanariadha. Gawa kwa aina ya msaada: chakula, majengo na samani, vifaa vya masomo, afya na sodo, muda na ujuzi. Ndani ya kila kundi fuata alfabeti, malalamiko yataisha.

4. Chapisha vyeti

Karatasi ya A4 isiyong'aa, uzito wa gramu 250 hadi 300 kwa mita mraba. Kwenye karatasi inayong'aa wino wa muhuri haukauki upesi, na kidole kikipita unachafuka. Peleka faili ya PDF. Picha ya skrini ikikuzwa hutoka na ukungu. Maneno yaseme kilichofanyika: "kwa madawati 40 ya Gredi ya 4, Mei", si "kwa mchango wako mkubwa". Sahihi ni mbili, ya mwenyekiti wa bodi na ya mwalimu mkuu. Mimi sipendi plastiki ya kufunikia wala vikombe: fremu ya mbao yenye kioo, ya fundi wa karibu, huning'inizwa nyuma ya kaunta na wateja huisoma.

5. Chagua siku

Muhula wa pili, Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa sita. Jumamosi utawakosa Waadventista, na Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko la Kibuye, Kisumu. Alasiri mvua ya upande wa ziwa haikawii. Muhula wa tatu ni wa mitihani ya kitaifa.

6. Walinde watoto

Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Chukua idhini kwa maandishi. Hata ukiwa nayo, usimsimamishe anayelipiwa karo na mhisani wake, wala usiwaite wasichana waliopewa sodo. Wanafunzi waimbe, waonyeshe kazi zao. Shukrani isomwe na mwenyekiti wa chama cha wazazi.

7. Hotuba

Wahisani kwanza, wageni wa siasa mwisho, dakika tatu kila mmoja. Kipaza sauti kikae kwa mwalimu, si kwa mgeni.

8. Baada ya siku

Vyeti visivyochukuliwa vipelekwe dukani au nyumbani ndani ya wiki moja, na anayepokea atie sahihi. Nakala ya jedwali iwekwe kwenye faili ya bodi, nyingine abaki nayo karani. Fungua ukurasa wa mwaka ujao siku hiyo hiyo, na mpishi aonyeshwe ulipo.