Majenerali wapya wanakufa ovyo kwenye Medieval II? Msake muuaji hatua kwa hatua

Kuna afande mmoja mstaafu hapa Bombo, Uganda, ambaye huja kibandani kwangu kila Jumamosi baada ya adhuhuri. Anakaa kwenye kompyuta ya pembeni, ile yenye feni inayolia, anafungua England yake kwenye Medieval II: Total War, mchezo wa vita wa kompyuta, na kuanza kutoa amri kwa sauti kama yuko paredi. Siku moja akaniita. "Kijana, hebu njoo uone. Nampandisha kapteni cheo, nampa jeshi, zamu nne tano hayupo. Wanakufa kama kuku wa kideri."

Nikamjibu kwamba ndivyo mchezo ulivyo, vita havina macho. Nilimjibu ovyo, kwa sababu nilikuwa na laptopu ya mtu mkononi na sikutaka kuinuka. Jumamosi ya pili alirudi na malalamiko yale yale, ndipo nikavuta kiti. Ilituchukua saa tatu na rolex mbili (chapati za mayai), na tulichokikuta ni wauaji wawili tofauti waliokuwa wakisingiziwa kuwa mmoja. Njia tuliyoifuata ndiyo hii, nami nimeitumia tena kwa wateja wengine.

Naongelea toleo la kompyuta la mwaka 2006. Wenye toleo la simu lililotoka 2022 mnaweza kufuata hatua nne za mwanzo na sehemu kubwa ya ya tano, lakini kwenye kufungua mafaili mtaishia kutazama.

Hatua ya 1: Fungua daftari la vifo

Daftari la kawaida, la shule. Kila jenerali anayekufa, andika jina lake, umri wake, zamu aliyopanda cheo, zamu aliyokufa, alikuwa wapi, na ujumbe wa kifo ulisema nini. Hilo la mwisho ndilo watu wanalolidharau. Kwenye mchezo huu taarifa hushuka kama vipicha upande wa kushoto wa skrini, na ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya zinafutika. Afande alikuwa anazifuta zote kwa mpigo, tik tik tik, kama mtu anayefukuza nzi. Nilipomuuliza ujumbe wa kifo cha Walter ulisema nini, akaniambia, "Ulisema amekufa, ungesema nini kingine?"

Tukapakia mchezo aliokuwa ameuseva (kuuhifadhi) nyuma, tukacheza upya, safari hii tukisoma. Daftari likatoka hivi: Walter, miaka 24, alipanda zamu ya 14, akafa zamu ya 19, mjini Caen. Hugh, miaka 27, alipanda ya 17, akafa ya 22, Caen vilevile. Robert, miaka 22, alipanda ya 22, akafa ya 27, akiwa York, mbali kabisa na adui.

Hatua ya 2: Ondoa uzee kwenye orodha ya washukiwa

Hapa wengi wanadanganywa na kalenda. Kampeni inaanza 1080 na kuishia 1530, na kila zamu kalenda inaruka miaka miwili. Lakini watu hawazeeki hivyo. Mhusika anaongeza mwaka mmoja wa umri kila baada ya zamu mbili. Kwa hiyo Walter, aliyepanda 1108 na kufa 1118, kwa kalenda ametumikia miaka kumi, ila mwilini ameongeza miwili na nusu tu. Kijana wa miaka 26 hafi kwa uzee. Kama wako alikuwa amepita sitini, funga daftari, mzike, endelea.

Hatua ya 3: Hakikisha kweli ni maiti

Jenerali asiyeonekana si lazima awe amekufa. Tazama mahali alipokuwa mwisho. Ukikuta jeshi lake bado limesimama pale pale lakini bendera si yako, basi bwana amekuasi, au balozi wa adui amemnunua. Kapteni aliyepandishwa juzi hana damu yako na mara nyingi utiifu wake uko chini, kwa hiyo usimpe jeshi kubwa la kukaa mpakani peke yake. Na kama alikuwa melini, tafuta meli kwanza: ikizama, wote waliomo wamekwenda nayo, jenerali na farasi wake.

Hatua ya 4: Rudia zamu ya kifo mara tano

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiruka nyingine zote, usiruke hii.

Seva mchezo kabla tu ya kumaliza zamu anayokufa mtu wako, kwa jina lake pekee, usitegemee ile inayojiseva yenyewe. (Umeme wetu mnaujua. Siku ile ulikatika tukiwa kwenye jaribio la tatu, na hatukupoteza kitu.) Maliza zamu, andika matokeo. Pakia tena, maliza zamu, andika. Mara tano.

Akifa safari kadhaa kati ya tano na nyingine akapona, aliyemuua ni bahati: kuna mtu au jambo linalomrushia dadu kila zamu, na siku hiyo dadu imemwangukia. Akifa mara tano kati ya tano, katika zamu ile ile, hiyo si bahati tena. Kuna amri iliyoandikwa mahali.

Walter alikufa mara mbili kati ya tano. Hugh mara tatu. Robert, tano kwa tano. Afande akatikisa kichwa. "Hawa wawili wameuawa vitani," akasema, "huyu mmoja amenyongwa kwa amri."

Hatua ya 5: Kama ni bahati, tafuta anayerusha dadu

Fungua konsoli (kisanduku cha kuandikia amri za mchezo) kwa kubonyeza kitufe kilicho chini ya Esc, andika toggle_fow, bonyeza Enter. Ukungu wote wa ramani unaondoka na unaona kila mtu aliposimama. Ndiyo, ni kuchungulia. Lakini hapa unachunguza kifo, hushindani na mtu. Ukimaliza, iandike tena ukungu urudi.

Nje ya Caen alikuwa amesimama mtu wa kanzu. Afande alikuwa amemwona siku zote na kudhani ni padri wake mwenyewe. Nilipombofya, tukaona ni wa Papa: mchunguzi wa imani, wale wanaotafuta wazushi na kuwachoma moto.

Ukicheza milki ya Kikatoliki, jamaa hawa huzidi kukuandama kadiri uhusiano wako na Papa unavyoharibika, na afande alikuwa ameendelea kuizingira Rennes baada ya Papa kumkataza. Mchunguzi akimfikia jenerali wako anamfanyia kesi, na kinachomwokoa mshtakiwa ni ucha Mungu wake, ule unaoonyeshwa kwa misalaba kwenye ukurasa wake. Sasa mfikirie kapteni aliyepanda jana. Mzee wako wa miaka hamsini amekwishatawala miji yenye makanisa, labda amekwenda vita vya msalaba, misalaba imejaa. Huyu mpya kaja na nyota moja ya ukamanda na misalaba hana. Kwa mchunguzi huyo ni kuni kavu. Ndiyo sababu wazee wanapona na wapya wanaungua, na mtu anayetazama kwa mbali anasema mchezo unawachukia wapya.

Dawa ni tatu, na zote zinataka subira. Kwanza, tengeneza na Papa: acha kumpiga Mkatoliki mwenzako ukishaonywa, hata kama mji unakaribia kuanguka. Pili, usimwache mpya mahali ambapo mchunguzi anazunguka. Mhamishe, hata kama mji utabaki na kapteni kwa muda. Tatu, mpe muda kwenye mji wenye kanisa, au mtume vita vya msalaba, misalaba iongezeke. Wapo wanaomtumia muuaji wa siri kumwondoa mchunguzi. Sikatazi, ila ukikamatwa, kwa Papa ndiyo umejimaliza.

Wa pili anayerusha dadu ni muuaji wa siri wa adui. Hapa pia mpya ni rahisi, hajajenga ulinzi binafsi. Weka jasusi wako ndani ya mji au jeshi alimo, maana jasusi anasaidia kunasa wanaonyemelea.

Wa tatu ni wewe mwenyewe, ukibofya ile ya vita kujiamulia bila kupigana. Kompyuta hupiga hesabu ya pande mbili na jenerali anaweza kuhesabiwa kwenye wafu hata ukiwa umeshinda. Kama unamthamini, ingia uwanjani umweke nyuma.

Hatua ya 6: Kama ni mara tano kwa tano, fungua modi

Afande hachezi mchezo mtupu. Kuna mteja alimletea modi (nyongeza ya mchezo iliyotengenezwa na mtu mwingine) kwenye flashi, yenye majeshi zaidi na matukio ya historia. Matukio hayo ndiyo ya kutazamwa.

Nenda kwenye folda ya mchezo, ingia mods, folda ya modi yako, kisha data/world/maps/campaign/imperial_campaign. Humo mna faili campaign_script.txt. Kabla ya kuligusa, linakili kwenye flashi. Narudia kwa sababu nimewahi kupoteza usiku mzima kwa nukta moja: linakili kwanza. Kisha lifungue kwa Notepad, bonyeza Ctrl na F, tafuta neno kill_character.

Sisi tulikuta mistari hii:

monitor_event FactionTurnStart FactionType england
and I_TurnNumber = 27
console_command kill_character Robert
terminate_monitor
end_monitor

Isome taratibu. Zamu ya England inapoanza, kama namba ya zamu ni 27, muue Robert, kisha acha kufuatilia. Mchezo unahesabu zamu kuanzia sifuri, kwa hiyo ya 27 ni mara mbili 27, hamsini na nne, ongeza 1080: mwaka 1134. Na mwaka huo, katika historia yenyewe, ndio aliofariki Robert Curthose, mtoto wa kwanza wa William aliyeiteka Uingereza, akiwa kifungoni Cardiff mikononi mwa mdogo wake Henry. Aliyetengeneza modi alitaka Robert wa mchezo afe mwaka wake wa kweli. Kazi ya mtu anayependa historia, sina ugomvi naye.

Tatizo ni kwamba Robert huyo, mtoto wa mfalme, alikuwa amekwishakufa. Afande alimzamisha na meli zamu ya 9, akivuka mlango wa bahari bila kusindikizwa. Lile jina likabaki kwenye orodha ya majina ambamo mchezo huchota kila unapomleta mtu mpya, na zamu ya 22 likamwangukia kapteni wa watu. Amri haiulizi mtoto wa nani. Ilimsubiri Robert, ikampata Robert.

Kama hukuti kitu kwenye faili hilo, washa kumbukumbu, yaani rekodi ya kinachofanyika ndani ya mchezo. Kwenye faili la mipangilio la modi, lile linaloishia na .cfg, weka mstari [log], chini yake to = logs/system.log.txt, na chini yake level = * trace. Cheza zamu ya kifo kisha ufungue kumbukumbu mwishoni mwake uone ni vichocheo gani vilivyofyatuka. Faili linavimba haraka, kwa hiyo ukimaliza zima.

Hatua ya 7: Kurekebisha

Weka alama ya nukta mkato (;) mwanzoni mwa kila mstari wa amri ile, kuanzia monitor_event hadi end_monitor, yote mitano. Mchezo utaipita kama maelezo tu. Usifute nusu ukaacha nusu: end_monitor ikibaki peke yake script nzima inaweza kukataa kufanya kazi.

Halafu kuna habari mbaya, na ni bora uisikie mapema. Mabadiliko ya campaign_script hayafai kwa mchezo uliokwisha kusevwa. Yanataka kampeni mpya. Kwenye ile ya zamani Robert ni marehemu anayetembea.

Nilimweleza afande hivyo, tukiwa tumepakia mchezo uliosevwa zamu ya 23. Alinyamaza kidogo, akaitazama York, akatelezesha ramani hadi kusini.

"Amebakiwa na zamu ngapi?"

"Nne, afande."

"Paris anafika?"

Tulimvusha kwa meli, safari hii na msafara wa kulinda. Aliingia Paris zamu ya 26. Zamu iliyofuata taarifa ilishuka upande wa kushoto, na kwa mara ya kwanza afande akaifungua na kuisoma yote kabla ya kuifuta. Kampeni mpya aliianza Jumamosi iliyofuata, amekuja na daftari lake mwenyewe, jalada la bluu, na ukurasa wa kwanza ameandika majina ya wachunguzi wa Papa.