Somo: Benchi la udongo na kifusi, kazi ya wanafunzi

Wanafunzi wakisikia neno kujenga, huuliza saruji iko wapi. Benchi hili halina saruji. Ni udongo uliochimbwa palepale, mchanga, nyasi kavu na kifusi.

Hatua ya 1: Ujue udongo wako
Fukua upite tabaka jeusi la juu. Hilo ni la bustani. Jaza chupa ya kioo udongo hadi theluthi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, kisha usiiguse. Mchanga hutuama kwa dakika moja au mbili, vumbi laini kwa saa kadhaa, udongo wa mfinyanzi baada ya siku nzima au zaidi. Kila mmoja apime matabaka kwa rula na kuchora.

Hatua ya 2: Vipande vya majaribio
Hapa msikimbie. Fyatueni vipande vitatu: udongo mtupu, udongo na mchanga nusu kwa nusu, na udongo 1 kwa mchanga 2. Vyote vitiwe nyasi. Andikeni namba kwa msumari vikiwa vibichi, mkaushe kivulini. Kilichopasuka kimezidi mfinyanzi. Kinachomomonyoka chini ya kidole gumba kimezidi mchanga. Kikundi kimoja nilichofundisha kiliruka hatua hii kikajengea udongo mtupu. Baada ya wiki ufa ulikuwa unameza penseli.

Hatua ya 3: Msingi
Pangeni mawe na vipande vya zege hadi sentimita 30 juu ya ardhi, maana maji ya mvua hurukia ukuta kutoka chini. Mkikusanya kifusi, tofali la zamani lililojengewa chokaa huachia kwa kugongwa kidogo. La saruji huvunjika lenyewe kwanza. Mbao kuukuu zipitisheni sumaku kutafuta misumari. Vipande vya asbesto na mbao zenye rangi ya zamani msiviguse: rangi hiyo huweza kuwa na madini ya risasi.

Hatua ya 4: Kukanda na kuinua
Kandeni mchanganyiko wa kipande kilichofaulu kwa miguu juu ya turubai. Donge likidondoshwa kutoka kiunoni likasambaratika, halijashika. Likibandikana kama chapati, maji yamezidi. Msiinue zaidi ya sentimita 30 kwa siku.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nikipiga lipu ya saruji juu si litadumu?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Saruji hufungia unyevu ndani, udongo unalainika nyuma yake bila wewe kuona, halafu lipu inabanduka kipande kizima. Tumia lipu ya udongo au chokaa, na uliwekee paa.

Swali: Unawapaje alama?
Jibu: Kwa daftari. Nataka kusoma kwa nini walichagua kipande namba 2. Wale wa penseli waliandika kurasa nne kuhusu ule ufa, nikawapa alama zao.

Swali: Tulikalie lini?
Jibu: Toboa kwa msumari mrefu upande wa nyuma. Ukitoka na tope, bado.