SOMO: Kutengeneza kadi ya biashara ya kidijitali bila kumlipa mtu

Habari wakuu. Simu yako inatosha, programu ya kununua huhitaji.

1. Fungua majina kwenye simu, jisevu kama unavyosevu mtu mwingine. Jina, kazi, namba moja, barua pepe moja. Namba ianze na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, la sivyo aliye nje ataisevu na haitapigika. Kwenye kazi andika unachofanya. Mtu akikwama na umeme atatafuta "fundi sola", hatatafuta "Mkurugenzi Mtendaji".

2. Bonyeza kushiriki. Unapata faili la .vcf, yaani vCard, mfumo wa tangu miaka ya 1990 ambao Android na iPhone zote zinaufungua. Mtumie kwanza rafiki, akwambie anaona nini.

3. QR, yaani ile picha ya vimraba vyeusi na vyeupe ambayo mtu anaisoma kwa kamera ya simu na kupata taarifa zako. Hapa ndipo watu wanapopigwa hela. Kuna QR tuli, ambayo taarifa zako zimo ndani ya vile vimraba vyenyewe, na kuna inayobadilika, ambayo ndani yake mna linki ya kampuni tu. Ya pili inavutia kwa sababu unaweza kuhariri taarifa baadaye, lakini kampuni ikizima linki, kila ulichokwisha kuchapisha ni takataka. Kwa jina na namba chukua tuli. Usirundike maneno: taarifa zikizidi vimraba vinaongezeka, kutoka 21 kwa 21 hadi 177 kwa 177, na kamera ya simu ya kawaida inahangaika. Acha pia ukingo mweupe pande zote.

4. Ukishampa mtu kadi yako, siku hiyohiyo mwandikie. "Habari, nimefurahi kukufahamu" inasahaulika. Andika: "Ni mimi tuliyeongea kuhusu betri za inveta, ile picha ya waya hii hapa." Halafu ingia kwenye jina lake, sehemu ya maelezo, uandike mlikutana wapi na anatafuta nini. "Hassan 2" haitakwambia kitu mwakani.

MASWALI

Mkuu, hizi kadi za kugusisha kwenye simu vipi?
— Hizo ni NFC, yaani kadi yenye chipu ndogo ambayo simu inaisoma bila waya ikiwa karibu. Ni nzuri, ila lazima zisogezwe sentimita chache, na si kila simu inazisoma. Chipu ya NTAG213, mojawapo ya zinazowekwa kwenye kadi hizo, ina nafasi ya baiti 144 tu, kwa hiyo weka linki fupi. Ukimaliza ifunge isiandikwe upya, na nyuma yake chapisha QR.

Mimi ni mdada, sitaki namba yangu izagae.
— Weka barua pepe peke yake, dada, au laini ya kazi. Faili likishafika kwa mtu huna mamlaka nalo tena, anaweza kulisambaza apendavyo.

Nikibadili namba, waliosevu ya zamani watapata mpya?
— Hapana, vCard haijisasishi. Watumie mpya mmoja mmoja, kwa majina yao, kabla laini ya zamani haijafungwa. Ukituma kwa mkupuo kutoka namba wasiyoijua, wengi watadhani ni tapeli.