Nyonga inauma miezi na miezi, wanasema uko safi: uliza picha iliishia wapi

Ndugu zangu wa Mbeya, Tukuyu na Iringa mlioko Uingereza, hasa dada zangu, someni hii taratibu. Maumivu ya nyonga, yaani kule chini ya kitovu mpaka sehemu za siri na unapokalia, yakivuka miezi sita ndo yanaitwa sugu, na sababu sio kizazi na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) tu, mara nyingine ni neva, yaani mishipa ya fahamu.

Hatua za mwanzo mnazijua: GP (daktari wako wa kwanza wa mtaani), mkojo, ultrasaundi, rufaa. Balaa ni hiyo rufaa. Nyumbani ukiwa na hela unatoka kwa bingwa huyu unaingia kwa yule, huku rufaa ni ya idara moja tu, wakiangalia kizazi wakakuta hamna kitu wanakutoa na barua yenye maneno matamu, unarudi kwa GP kupanga foleni upya.

Mimi nikapigwa MRI ya kiuno, majibu safi, na kila daktari aliyefuata akawa anasoma hiyo ripoti anaishia hapo. Kumbe MRI ya kawaida ya kiuno inaweza isionyeshe lile fupa lote la juu ya makalio, na neva za nyonga, zile wanazoziita S2 mpaka S4, zinatokea hukohuko. Fizio wa nyonga (mtaalamu wa tiba ya viungo) ndo wa kwanza kuniuliza nikikaa inakuwaje! Kwaiyo ukiambiwa safi, uliza safi ya wapi. Omba ripoti uisome mwenyewe, uliza picha iliishia wapi, na ukijibiwa juujuu uliza tena.

Kwa GP una kama dakika kumi, usizimalize kwenye salamu. Sisi hata tukiwa hoi tunajibu nzuri, na Waingereza ni watu wapole wasiopenda kukuchokonoa, ukisema nzuri wanaandika nzuri. Acha aibu, taja sehemu yenyewe, sio "kiuno" tu. Sema kama inaungua au inapiga shoti, inazidi ukikaa, inapoa ukikaa kwenye choo cha kukalia, usiku haikuamshi. Hizo ni dalili za neva ya pudendo, ile inayohudumia sehemu za siri na njia ya haja, madaktari wana vigezo vyake vinaitwa vya Nantes, vya 2008, na kimojawapo ni kuchomwa sindano ya ganzi kwenye neva waone kama maumivu yanatulia.

Ila ukipata ganzi sehemu unayokalia, mkojo ukagoma, choo kikakutoka bila kujua au miguu yote ikalegea, usisubiri GP, piga 999 au nenda emejensi saa hiyohiyo, neva zinabanwa na zinaweza zisirudi. Narudia, saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Na nyie mashangazi zetu wa Rungwe, tunawapenda sana, ila sio kila maumivu ni chango. Acheni kumbebesha mizizi kila anayepanda ndege, mtu ameshaandikiwa gabapentini au amitriptilini, dawa za maumivu ya neva, mkichanganya na kitu kisichojulikana mnamuumiza, na akipata nafuu ya siku mbili anaacha kufuatilia rufaa.

Ukienda likizo beba CD ya picha na ripoti zote, ukizidiwa huko wa kukuona ni daktari wa neva, MOI (taasisi ya mifupa na neva) pale Muhimbili, Dar, wapo, usikubali kuanzishiwa tena dozi ya UTI.