Tangawizi Kwenye Chungu: Kuanzia Jicho Hadi Mavuno

Tangawizi haitaki haraka. Kutoka kupanda hadi kuvuna iliyokomaa ni miezi 8 hadi 10, na katika wiki 3 hadi 6 za mwanzo huoni chochote juu ya udongo. Hizo ndizo wiki za hatari. Mpandaji huingiwa na wasiwasi, humwagilia kila siku, na kipande ambacho bado hakina jani la kutumia maji hayo kinaozea chini. Karibu kila hatua hapa chini inalenga kuzuia jambo hilo moja.

Mbegu

Tangawizi hupandwa kwa vipande vya tunguu, yaani ile sehemu nono ya chini ya udongo tunayoila. Chagua tunguu nono na gumu, lenye ngozi isiyo na mikunjo na macho yanayoonekana: vinundu vidogo vya kijani au manjano kwenye ncha. Lililosinyaa, linalobonyea au lenye ukungu liache. Tangawizi iliyonunuliwa kwa ajili ya kula inaweza kuota, lakini nyingine huwa imewekewa dawa ya kuzuia kuchipua. Iloweke kwenye maji safi usiku mmoja, kisha iweke mahali penye joto hadi macho yavimbe. Mwezi ukipita bila jicho kuvimba, tafuta nyingine.

Kwa kisu safi, kata vipande vya sm 4 hadi 5, kila kimoja kiwe na macho 2 au 3. Usikate vidogo kupita hapo, kwa sababu chipukizi huishi kwa akiba ya chakula iliyomo ndani ya kipande mpaka mizizi ikolee. Viache mahali pakavu penye hewa, pasipo jua, kwa siku 1 hadi 3 ili sehemu iliyokatwa ikauke na kufanya ngozi. Usiiruke hatua hii, maana jeraha bichi ndilo mlango wa vimelea vya kuozesha.

Chungu na udongo

Upana una maana kuliko kina, kwa kuwa matunguu hutambaa kwa ubavu karibu na uso wa udongo. Chungu chenye upana wa sm 30 hadi 35 na kina cha sm 30 kinatosha kipande kimoja au viwili. Beseni la upana wa sm 50 linabeba vitatu. Ndoo au beseni la plastiki linafaa, mradi ulitoboe chini matundu 6 hadi 8 yenye ukubwa wa sm 1 hivi.

Usiweke tabaka la kokoto chini. Wengi huamini zinasaidia kupitisha maji, kumbe maji husita yanapotoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, na sehemu yenye unyevu mwingi inapanda juu zaidi, karibu na mizizi. Kipande cha wavu juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Changanya sehemu 2 za udongo tifutifu, sehemu 2 za mboji iliyoiva na sehemu 1 ya mchanga mkavu wa chenga kubwa. Samadi mbichi usitumie, inaunguza chipukizi. Kujaribu mchanganyiko, ulowanishe, ukamate kiganjani na uufinye: unapaswa kushikana, kisha uvunjike ukiugusa kwa kidole. Ukibaki bonge, ongeza mchanga.

Kupanda

Jaza chungu theluthi mbili tu. Nafasi ya juu itahitajika baadaye. Laza kipande, macho yakitazama juu, na ukifunike kwa udongo wa sm 4 hadi 5. Mwagilia mara moja hadi maji yatoke chini, kisha weka chungu mahali penye joto la nyuzi 22 hadi 28 za selsiasi. Chini ya nyuzi 15 tangawizi huacha kukua kabisa, kwa hiyo penye majira ya baridi anzia ndani ya nyumba.

Sasa jizuie. Ingiza kidole sm 3; ukikuta unyevu, usimwagilie. Udongo ukikauka, kikombe kimoja kinatosha.

Mmea ukishaota

Ongeza maji kadiri majani yanavyoongezeka. Ukiwa na mashina kadhaa yenye majani mapana, hasa wakati wa joto, chungu kinaweza kudai maji kila siku mbili au hata kila siku, lakini maji yasituame kwenye sahani ya chini. Jua la asubuhi, kuanzia saa 2 hadi saa 5, linatosha; la mchana kali hubabua majani. Tandaza majani makavu juu ya udongo, unene wa sm 3.

Anza kulisha shina la kwanza likiwa na majani 3 au 4: viganja viwili vya mboji kila baada ya wiki 4. Papo hapo kagua shina. Ukiona tunguu la rangi ya waridi au kijani limechungulia, inulia udongo wa sm 3 hadi 5. Tunguu lililo juani huwa gumu na la kijani, na nafasi uliyoacha chunguni ni ya kazi hii.

Dalili za matatizo

Majani yakijikunja kwa urefu, mmea una kiu. Ncha zikikauka rangi ya kahawia, hewa ni kavu mno au mbolea ya chumvichumvi imezidi. Majani ya chini yakigeuka manjano huku udongo umelowa na shina linang'oka kwa urahisi, tunguu linaoza: litoe, kata hadi nyama safi, likaushe, upande upya kwenye udongo mpya.

Mbaya kuliko yote ni mnyauko wa bakteria. Mmea hunyauka ghafla ukiwa bado kijani na udongo una unyevu. Kata shina chini kabisa, uning'inize ncha yake kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndio wenyewe. Hauna tiba. Tupa mmea pamoja na udongo wake, usivipeleke kwenye mboji, na osha chungu na kisu kwa dawa ya kuua vijidudu.

Kuvuna

Kuanzia mwezi wa 5 baada ya kupanda unaweza kufukua pembeni na kukata kidole kimoja cha tangawizi changa; ina ngozi nyembamba na ukali mdogo. Kwa iliyokomaa, subiri majani yawe manjano na kulala, acha kumwagilia wiki 2 hadi 3, kisha pindua chungu kizima. Ya kula ioshe na uikaushe kivulini. Ya mbegu usiioshe: pangusa udongo, chagua matunguu manene kuliko yote, yatunze pakavu penye hewa mpaka macho yavimbe tena.