Betri za kutupa au za kuchaji: amua kifaa kwa kifaa

Nyumbani kwetu Bombo, Uganda, redio ya baba ilitumia mawe matatu makubwa, yaani betri, na yalipoanza kuchoka tuliyaanika juu ya bati tangu asubuhi, kisha jioni yakarudishwa, tukasikiliza taarifa ya habari kabla sauti haijafifia tena. Joto huchochea kemikali zilizobaki ndani, lakini haliongezi kitu. Mawe hayo, ambayo Waganda huyaita amanda, yaani makaa, bado yanauzwa katika kila duka la mtaani, na pesa zinazotoka kidogo kidogo ni rahisi kusahaulika. Ndiyo maana napenda mtu apige hesabu kabla ya kununua tena.

Anza na kifaa, si na betri. Saa ya ukutani na rimoti hutumia umeme mdogo mno, hata betri moja ya kutupa ya alkalini inaweza kuendesha saa kwa mwaka mzima au zaidi, na humo betri ya kuchaji haina faida. Tochi inayowashwa kila usiku, redio inayosikilizwa kutwa na midoli ya watoto yenye mota ni jambo jingine kabisa, kwa sababu vifaa hivyo humaliza betri haraka.

Sasa tuseme chaja pamoja na betri zake nne vinagharimu mara kumi na mbili ya bei ya alkalini nne. Ukishachaji mara kumi na mbili hivi, gharama imerudi, na betri nzuri ya kuchaji, ile ya nikeli, huvumilia kuchajiwa mara mia kadhaa. Kwa tochi inayomaliza betri kila wiki, hiyo ni miezi mitatu tu. Kwa rimoti inayobadilishwa betri mara moja kwa mwaka, ni miaka kumi na miwili, na kabla ya hapo betri yenyewe itakuwa imezeeka. Weka bei za duka lako mahali pa mfano wangu, na jibu litajitokeza lenyewe.

Ukifika dukani, geuza betri usome herufi ndogo. Betri ndogo ya kawaida (AA) ikiandikwa R6 ni ya zinki na kaboni, LR6 ni alkalini, na HR6 ni ya nikeli, inayochajiwa. Kwa mawe makubwa namba ni R20, LR20 na HR20. Ile ya zinki ndiyo ya bei nafuu, lakini kopo lake lenyewe ndilo zinki linaloliwa kadiri betri inavyofanya kazi, na likitoboka maji yake hula vyuma vya tochi. Usiiache ndani ya kifaa usichokitumia.

Wengi huogopa kwamba betri ya nikeli ina volti 1.2 badala ya 1.5. Hofu hiyo ina msingi mdogo, kwa kuwa alkalini huanza na 1.5 kisha hushuka mfululizo, ilhali nikeli hukaa karibu na 1.2 kwa sehemu kubwa ya kazi yake. Vifaa vichache tu ndivyo vitakavyoikataa.

Jihadhari zaidi na namba za uongo. Betri ndogo ya nikeli ya kweli huwa na takriban miliampea-saa (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) 2000 hadi 2500, kwa hiyo inayojitangaza kuwa na 5000 iache dukani. Kwa zile kubwa, ipime uzito mkononi, maana nyingine huwa na betri ndogo iliyofichwa ndani ya kopo pana. Chagua pia chaja inayojizima betri ikijaa. Kama unategemea sola, tafuta inayochomekwa kwenye tundu la USB, uichaji mchana jua likiwa kali. Betri ya 2000 kwa mkondo wa miliampea 500 huhitaji saa tano hivi.

Tochi ya dharura, ile inayokaa miezi kabatini ikisubiri umeme ukatike, ibaki na alkalini, kwa sababu betri nyingi za nikeli hupoteza chaji zikikaa tu. Kama ni lazima iwe ya kuchaji, nunua aina iliyotengenezwa kuhifadhi chaji kwa muda mrefu. Na katika kifaa kimoja usichanganye aina mbili wala nzee na mpya, kwani ile dhaifu itaisha mapema, nyingine ziilazimishe kuendelea, na mwishowe itavuja.

Zilizokufa usizitupe motoni, kwa kuwa zinaweza kulipuka, wala katika shimo la choo. Ziweke katika mkebe mkavu watoto wasikofika, na wasizivunje kutafuta ule unga mweusi tuliokuwa tukipaka ubao wa shule: una manganizi, na vumbi lake likivutwa kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu.